Kutoka Luxemburg Hadi Porto

Jumatatu, 6 Novemba

Daktari amesema moyo umechoka. Nitaishi hadi lini? Hadi Krismasi, labda. Nikamshukuru. Nimerudi nyumbani nikamenya viazi. Sikusikia kitu moyoni — hata hofu.

Zulmira, jirani, alileta supu. Nilipomwambia, akajipiga paja. "Mwalimu, usinifanyie hivyo! Nani atabeba jeneza? Wanaume wote wako Luxemburg kazini! Jikaze mpaka Agosti, waje likizo." Tulicheka. Mimi kwa mdomo tu.

Hapa kijijini kwetu, Ureno, kila kitu husubiri Agosti. Harusi, ubatizo, paa linalovuja.

Jioni mwanangu Valdemar alipiga simu. Nikamwambia mimi mzima.

Jumanne, 7 Novemba

Padri alikuja. Nilimtajia dhambi ndogondogo. Kubwa naiweka hapa: nilimficha Valdemar, wala si kwa huruma. Nimezoea asiwepo. Naogopa akija nisisikie chochote moyoni, naye alione hilo usoni mwangu.

Jumatano, 8 Novemba

Nimempigia mwenyewe.

"Mama, kuna nini? Mbona mchana?"

Nyuma yake mashine ya zege ilikuwa inanguruma. Nikamwambia, Agosti ni mbali.

"Mbali kiasi gani?"

"Hata Krismasi ni mbali."

Mashine ikazimwa.

Ijumaa, 10 Novemba

Ujumbe wake: kesho ndege inaondoka Luxemburg saa tano asubuhi, inatua Porto saa sita na nusu.

"Saa moja na nusu!" Zulmira akapiga kelele. "Hata supu haijapoa! Na huja mara moja kwa mwaka, mtoto huyu!"

Safari ni ya saa mbili na nusu. Kilomita karibu elfu moja na mia tano. Saa za kule ziko mbele kwa saa moja, basi kwenye tiketi kuja huonekana karibu na kwenda huonekana mbali. Nilifundisha hayo darasani mpaka nikastaafu. Sikumsahihisha. Mimi, niliyesahihisha hata matangazo ya kanisani!

Valdemar naye ana yake. Kila Agosti haigusi saa yake ya mkononi. Anakula kwa saa ya kule, analala kwa saa ya kule. "Nikiirudisha nyuma, Mama, si nitaisogeza tena nikiondoka? Usumbufu wa bure."

Jumamosi, 11 Novemba

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Martino. Huko chini kijijini wamefungua mvinyo mpya, wanaimba vibaya.

Gari lilifika saa tisa. Akasimama mlangoni na begi.

"Umekonda, Mama."

"Wewe umenenepa."

Akanibusu paji la uso. Nilingoja kitu kije kifuani. Hakikuja. Niliwaza tu, mashavu yake baridi.

Zulmira alimwekea supu. "Kula, bwana wa saa moja na nusu!" Hakuelewa. Alikula yote.

Zulmira ameondoka. Valdemar amesinzia kwenye kiti, mkono juu ya meza. Saa yake inaonyesha kumi na dakika ishirini. Nikatazama ya ukutani. Kumi na dakika ishirini. Nikadhani ya ukutani imeharibika — lakini inatembea vizuri, na jua liko palepale linapokuwa saa hizi.

Ameirudisha nyuma.

Nimetazama tena. Mwandiko wangu umekuwa wa mtoto wa darasa la kwanza. Labda ni moyo. Labda ni —

Amefumbua macho. "Unaandika nini, Mama?"

"Hesabu tu."

Anavuta kiti karibu —