Iwashe Ile Simu Iliyo Sandukuni

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Kericho, kwenye baridi na mvua ya kila alasiri. Mguu wako unaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu amezaa au bado anatuzungusha? Na paa la jikoni, baba mdogo alikuja kulipiga misumari au bado anasema kesho? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, kazi ninayo. Lakini moyo hautulii hata kidogo, na ndiyo maana nimeshika kalamu kama watu wa zamani. Vaa miwani, kaa mahali penye mwanga, na tafadhali usimpe Mama Nyaboke akusomee.

Unajua kwa nini sikupigii. Tangu Krismasi nikitaka kusikia sauti yako lazima nipitie simu ya Mama Nyaboke. Ni jirani mwema, Mungu ambariki, lakini anakaa hapo hapo ametega sikio, na kabla hujafika nyumbani kijiji kizima kimeshajua tulichozungumza. Haya ya leo hayawezi kupita kwake. Yanahusu msichana.

Anaitwa Chelangat. Ni Mkipsigis wa Sigor, upande wa Bomet, anafundisha watoto wa nasari. Alikuja dukani na simu iliyopasuka kioo, akabishana nami juu ya bei mpaka nikasahau bei yenyewe ilikuwa ngapi. Usikunje uso, mama. Ni mtu wa kanisa, anacheka kwa sauti, na hapendi mwanamume mwenye maneno mengi, kwa hiyo unaona jinsi ninavyoteseka. Nataka kumwoa. Sasa shika hapo, maana kati yangu na yeye imesimama ile simu niliyokuletea, na wewe ndiye umeikalia.

Ngoja nianze mwanzo. Mwaka jana bosi wetu alipata habari kwamba toleo jipya la ile simu linakuja, kwa hiyo zilizobaki lazima zitoke. Akakata bei karibu nusu. Simu ni ile ile, katoni ile ile, waranti ile ile. Tukazipanga juu ya meza mlangoni, tukaandika bei ya zamani kwa herufi kubwa, tukaipiga mstari mwekundu, na bei mpya chini yake. Nilidhani watu watagombania mpaka meza ivunjike. Siku hiyo hiyo nikajinunulia yangu, nikanunua na yako, kabla hazijaisha.

Haziishi, mama. Watu wanasimama, wanausoma ule mstari mwekundu, wanaangaliana, wanaondoka. Mmoja aliniuliza kama zimetolewa kwa maiti.

Basi bosi akanituma nizitembeze sokoni, Kaplong leo, Sigor kesho, na spika na maikrofoni. Mimi ninayeona haya kuomba kanisani, nikawa nasimama juu ya kreti ya soda nikipiga kelele: "Bei imeanguka! Bei imeanguka!" Huko Sigor mzee mmoja aliichukua simu akaikagua kama anakagua mtamba. Akaipima kwa mkono. Akachungulia kwenye tundu la chaja kwa jicho moja. Kisha akaniuliza, "Hii iko na ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa, mzee. Ni mpya."

"Mimi nimeuza ng'ombe miaka mingi. Ukiona nauza moja nusu bei, jua kuna kitu naijua na wewe hujui." Akanirudishia, akaondoka zake, na waliokuwa nyuma yake wote wakamfuata.

Bosi aliposikia hayo alicheka sana. Akachukua nusu ya zile simu, akazirudisha kwenye kabati la kioo ndani ya duka, kwa bei ya zamani, bila mstari wowote. Zikaanza kutoka! Alikuja kijana mmoja anayeendesha mashine ya kuchuma chai kwenye shamba kubwa, mashine zile zilizowafukuza watu kazi. Akapita meza ya mlangoni bila kuitazama, akaja kwenye kabati, akasema kamera ya hii inaonekana safi. Roho ikanisuta. Nikamnong'oneza, kaka, ni moja na ile ya mlangoni, chukua ile. Unajua alinijibu nini? "Kwani unaniona kama mtu wa meza?" Alikasirika kweli. Akalipa bei yote na hakuniaga.

(Nimeacha kidogo, mteja ameingia. Ameuliza, ameshika, ameirudisha. Naendelea.)

Nakwambia haya yote ili ujue sio wewe peke yako. Ile siku ya Krismasi nilipokutolea simu, uliifurahia. Uliishika kwa mikono miwili. Nilitoa laini yako kwenye ile simu ya zamani, mulika mwizi iliyofungwa mpira, nikaiweka humu, ukampiga picha dada Kemunto akiwa na unga usoni. Halafu mimi na mdomo wangu nikajigamba jinsi nilivyoipata kwa nusu. Nilitaka uone mtoto wako ni mjanja wa mjini. Nikaona uso wako unafungika. Ukasema, "Wamekuuzia uchafu, mwanangu, na wewe umewashukuru." Ukaizima, ukaifunga kwenye kitambaa, ukaiweka kwenye sanduku la bati ili isitulipukie usiku. Laini yako mpaka leo imo humo ndani.

Iliniuma, mama. Nilirudi huku Kericho nikiona kama ni mimi niliyefungwa kwenye kitambaa.

Na ubaya wa maneno ya watu ni kwamba yanaingia. Hata mimi ninayejua simu hizi ndani na nje, siku hizi nikishika yangu naiona kama ina joto. Naitoa mfukoni, naishika shavuni, naiweka mezani, naichukua tena. Inapiga, inapokea, haijawahi kunidai kitu. Joto lenyewe ni la mfuko wangu. Lakini bado naipapasa, na bosi ameanza kuniuliza kama nina mgonjwa nyumbani.

Sasa njoo Sigor. Wiki iliyopita Chelangat alisema mama yake anataka kuniona. Sio kunikubali, kuniona tu. Nikabeba sukari, nikabeba leso, na nikabeba simu, kwa sababu mama huyo anatumia kitu kilichopoteza vibonye vyote isipokuwa viwili. Safari hii nilijifunza, niliibandua ile karatasi ya mstari mwekundu na kusugua gundi mpaka boksi likang'aa. Nilipofika nilipokelewa vizuri. "Chamgei," wakanisalimu, nikaitikia vibaya, wakacheka. Nikapewa mursik, yale maziwa yao ya kibuyu yenye majivu ndani. Nilikunywa kikombe kizima na uso haukusema kitu. Mjomba wa Chelangat alikuwepo, na Chelangat mwenyewe alikaa kule pembeni akinitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa isifurike.

Mama yake akaligeuza boksi huku na huku. Akaniangalia.

"Wewe si ndiye yule alikuwa anapiga kelele sokoni?"

Mama, nilitamani ardhi inimeze. "Ni mimi, mama."

"Nilisikia wewe nikinunua mboga. 'Bei imeanguka, bei imeanguka.' Na hii ndiyo ile ilianguka?"

"Ndiyo hiyo, lakini ni nzuri kabisa, ni bei tu—"

"Kwa hivyo unakuja kuuliza msichana yangu na kitu ya kuanguka."

Mjomba alikohoa ndani ya kikombe chake. Mimi nikaanza kueleza mambo ya toleo jipya, ya waranti, ya katoni, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu wa maikrofoni. Akanisimamisha kwa mkono. Sio mtu mkali, mama. Mngependana, ana sauti ya chini kama yako. Akauliza, "Mama yako anatumia gani?"

Hapo nikafurahi, mjinga mimi. "Anayo kama hii hii. Tofauti ni rangi, yake ni ya bluu."

"Basi mpigie. Kama mama yako anaongea na hii, hata mimi nitaongea nayo."

Nilijua iko wapi. Nilijua iko chini ya kitenge cha harusi ya Kemunto, kwenye giza. Lakini nilipiga hivyo hivyo, nikiomba kimoyomoyo uwe umeitoa siku hiyo, hata kwa kuipangusa vumbi tu. Wakasema niweke sauti ya nje wote wasikie. Yule mwanamke wa kwenye mitambo akatuambia mteja hapatikani. Akarudia kwa Kiingereza, kana kwamba hatukusikia.

"Ako wapi mama yako?"

"Ako nyumbani."

"Na simu?"

Ningeweza kusema stima imepotea. Ningeweza kusema mtandao. Nilimwangalia Chelangat, nikashindwa. Nikasema, "Ameizima. Ameiweka."

Yule mama akatikisa kichwa polepole. Hakucheka. Akasema, "Kumbe hata yeye."

Mama, maneno hayo matatu yamenizunguka kichwani tangu siku hiyo. Nasimama dukani, nakaa, natoka mlangoni kuangalia mvua, narudi. Nimewauzia watu chaja isiyo yao. Nilitembea mpaka mwisho wa barabara ya mashamba ya chai nikarudi bila kujua nilienda kufanya nini. Sina hasira na wewe. Labda kidogo. Sijui kama ukikiweka kitu nilichokupa kwenye sanduku unakiogopa au unanionea huruma, na hilo ndilo linalonikosesha raha, kuliko hata mahari.

Lakini hakunirudishia boksi. Aliliweka juu ya kabati, kando ya redio, bila kulifungua. Chelangat anasema angelirudisha ningejua mambo yamekwisha. Alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia, "Kwetu kijana hajisemei. Watu wake ndio wanamsemea. Mama anataka kusikia watu wako, na wewe umepiga simu ukapata ukuta." Kisha akasema Jumapili hii, baada ya kanisa, mama yake atajaribu mwenyewe, kwa simu ya Chelangat, na mimi nisiwepo, nisimpigie kelele za sokoni. Akipata ukuta tena, mjomba atasema hawamjui mtu huyu anatoka wapi, na hapo posa imekwisha. Nilimwuliza Chelangat yeye anasemaje. Akasema, "Mimi nimeshasema. Sasa mwambie mama yako aseme."

Ndiyo hiyo, mama. Barua hii inaletwa na mwalimu jirani yetu anayekuja nyumbani Ijumaa, pamoja na majani ya chai. Usiku wa Ijumaa fungua sanduku. Chaja iko ndani ya boksi, chini ya karatasi nyeupe, hujawahi kuitoa. Ichaji kwa betri ya sola ya baba mdogo usiku kucha, na ukiogopa iweke nje ya nyumba, kwenye ule mtungi uliokauka, huko hata ikitaka kulipuka itajilipukia yenyewe. Haitalipuka. Asubuhi bonyeza kitufe cha ubavuni mpaka itikisike mkononi. Usiiangushe ikitikisika. Jumapili nenda nayo kanisani ukiwa umeizima sauti, halafu ukitoka iwashe sauti na ukae nayo mkononi.

Nisalimie baba mdogo, mwambie misumari haijipigi. Nisalimie Kemunto, dada yangu, na shemeji, na yule mtoto wao anayeniita mjomba wa Kericho. Nisalimie nyanya, mama mzaa baba, mwambie nimekunywa maziwa ya majivu na sikufa. Na Mama Nyaboke pia, mpe salamu fupi.

Itaonyesha nambari usiyoijua. Ni yeye. Atasema "Chamgei," na wewe mjibu vyovyote utakavyo, hata kwa Kikisii chetu, hataki Kiswahili cha shule. Akikuuliza juu yangu, mwambie unayoyajua, hata yale mabaya. Na akikuuliza kama hii simu ni nzuri, mama, usiisifu, nimeshaisifu mimi mpaka sauti imekauka. Mwulize tu kama anakusikia.

Ni mimi mwanao, niliyesimama mlangoni pa duka na simu mkononi,
Nyabuto