Genge Halijakua, Maji Yameshuka

Jumatatu, 4 Machi 1996
Chai. Mkate mgumu, jino la mwisho limelalamika. Baada ya adhuhuri hotelini, benchi letu lile lile. Gaab kasimulia tena alivyoruka kutoka juu ya genge hadi ndani ya mto Tana tukiwa vijana. Ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Gaab kwa Kisomali maana yake mfupi, na waliompa jina hawakukosea kipimo. Wauza miraa wakacheka. Wakaniuliza mimi, shahidi pekee aliye hai. Nikasema sikuona kitu. Utani tu. Shemeji asiyetaniwa ni wa nini? Gaab hakucheka. Kaapa wallahi ataruka tena Jumapili, mbele ya wote. Nilijichekea njia nzima hadi nyumbani, mtaa wa Galbet. Sasa sicheki.

Jumanne, 5 Machi
Nimeenda kulitazama genge. Limekuwa refu, yarabi! Nikakaa nikafikiri. Genge halikui. Yeye aliruka wakati wa mvua, mto umejaa, maji karibu na nyayo. Sasa kiangazi kimeunyonya. Maji yameshuka, kwa hiyo anguko limerefuka na kina kimepungua, yote mawili kwa pamoja. Gaab anakumbuka genge, maji ameyasahau. Na rangi yake kama chai. Chini huoni kitu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimelipiga beseni la maji makofi. Mkwe wangu kaniona, kaenda zake bila kuuliza. Polepole, mkono unazama. Kwa nguvu, kiganja kinawaka. Maji yale yale. Yanataka muda wa kupisha, kama watu mlangoni. Ukija mbio unagonga migongo. Na kinachoanguka huzidi mbio kadiri kinavyoshuka.

Nikanunua tikiti maji, nikamburuta Gaab hadi gengeni. Nikaliachia. Likapasuka juu ya maji kama limepiga mwamba. Gaab akatazama sana vipande vikienda.

"Waryaa Ilkalaawe, mimi si tikiti." Waryaa ni ewe; Ilkalaawe ni mimi, asiye na meno.

"Kweli, seddi. Tikiti halikuruka kwa hiari yake."

Seddi ni shemeji, lakini hata kumwita hivyo, kwa upole, hakukusaidia.

Ijumaa, 8 Machi
Baada ya sala nimewaambia wauza miraa ukweli: aliruka, niliona. Gaab kasema nasema hivyo kwa kumwonea huruma tu. Mbaya zaidi. Uongo wangu waliuamini upesi, ukweli wangu hakuna anayeutaka. Naogopa. Mifupa yake ni mikavu kama kuni, na ndiye pekee aliyebaki wa kunitukana kwa haki.

Jumapili, 10 Machi
Watu walijaa, hata kutoka mtaa wa Iftin. Gaab juu, shati amevua, kikoi amekikaza. Hakuna neno lililobaki la kumwambia. Nikashuka kwa njia ya mbuzi, nikaingia mtoni na fimbo yangu mpaka pale pale angeangukia. Mamba niliwakumbuka nikiwa tayari ndani. Maji yakaishia kifuani. Kifuani!

"Ruka, seddi! Ukinikosa mimi, mchanga utakudaka!"

"Toka hapo, mzee mjinga!"

"Sitoki! Mamba akinila, watoto wa dada yako utawaambia nini?"

Akautukana ukoo wangu wote, mmoja mmoja. Nilitazama vidole vyake vya miguu ukingoni. Kisha vidole vikarudi nyuma.

Alishuka kwa njia ya mbuzi, akaingia maji hadi kiunoni, akanipa mkono. Aliyecheka zaidi hotelini ndiye aliyetushikia viatu.

Jumamosi, 20 Aprili
Mvua imenyesha huko juu milimani, mto umejaa. Tumekaa gengeni, mimi na Gaab, na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Pale niliposimama hapaonekani tena. Maji yako karibu, unaweza kuyatemea mate bila kujitahidi.

Bila kunitazama akaniuliza kama siku ile ya ujana niliona kweli. Nikamsimulia alivyoziba pua. Alivyotoka majini akipiga kelele za ushindi, kikoi kimekwenda na mto, na alivyorudi kambini kwetu malishoni amejifunga shati langu. Sehemu hiyo hajawahi kumsimulia mtu.

Alicheka mpaka akakohoa. Mti mzima ulipita na maji, mizizi juu. Nikammiminia chai.