Nafasi ya Mensa

Accra, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua kuuma na umeanza tena kwenda mwenyewe sokoni Kejetia. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Samaki wa kukausha walifika, ila bado sijawagusa. Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenisikia ninavyolia, ukapanda basi siku hiyohiyo.

Kazini kuna msiba. Unajua tunakodisha mashine za kuwasaidia wagonjwa kupumua majumbani, na ikiharibika moja, fundi aende mbio. Karani akiandika mkoa wa mgonjwa, programu huvuta orodha ya vituo vya mkoa huo na kukipelekea kimojawapo kazi. Programu mpya niliiandika mimi, tukaiwasha mwanzoni mwa mwezi. Siku ya tatu, mashine ya mwalimu mstaafu wa Hohoe, Mzee Agbeko, ilizima asubuhi. Binti yake alipiga simu, karani wetu Esi akaandika Volta, mkoa wao. Kazi ikaenda Wa, upande mwingine kabisa wa nchi. Fundi wa huko alipoona jina la Hohoe alicheka, akasema watu wa Accra wamelewa, akaiacha. Kufika adhuhuri mzee alikuwa amekata roho.

Esi ndiye yule aliyekuletea kitambaa Krismasi. Meneja wetu, Bwana Lartey, alimsimamisha mbele yetu sote: “Wewe binti, Hohoe na Wa wapi na wapi? Ulikuwa unachati na mchumba?” Esi akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba aliandika Volta. Bwana Lartey akamwambia kaburi moja linatosha, akusanye vitu vyake. Nilimbebea boksi lake hadi getini, Mama, naye akanishukuru.

Kesho yake niliifungua programu. Kila kituo kina alama inayosema kinahudumia mkoa wa ngapi kwenye orodha. Mwaka jana tulifunga huduma zetu katika mkoa wa Oti. Jina likafichwa, lakini nafasi yake ilibaki palepale. Mimi nilipohesabu mikoa niliiruka Oti, nikaona si imeshakufa. Basi mikoa yote inayoifuata ikasogea nyuma nafasi moja, na Volta ikapewa vituo vya mkoa unaoitangulia kwenye orodha, ule wenye mji wa Wa.

Na kosa hilo nilifanye mimi, mwanao! Kaka Mensa, wa tatu wako, alikufa ana wiki tatu, lakini mimi niliyemfuata hukunipa nafasi yake. Uliniita Anane, wa nne. Ukiulizwa una watoto wangapi unajibu wanne, hata Shangazi Adwoa akikutania kwamba hesabu ilikupiga chenga. Naitwa kwa hesabu hiyo kila siku.

Mama, nilirekebisha mstari mmoja tu, kisha nikanyamaza. Leo ni siku ya kumi na moja. Esi hapokei simu zangu. Nimemwua mzee wa watu, na nimemwacha binti wa watu aubebe mzigo wangu.

Kesho nitamwambia Bwana Lartey, kisha nitakwenda Hohoe kumkabili binti wa marehemu. Sijui watanifanya nini, na sioni litakalopona. Nisalimie kaka zangu na Shangazi Adwoa, na goti ulikande kwa maji ya moto. Watu wakikuuliza tena una watoto wangapi, nakuomba usiniruke.

Mwanao,
Anane