Jina Lako kwenye Nyimbo za Baba

Kampung Gandekan,
Solo.
9 Machi 2017.

Mpendwa Shangazi Sulastri,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Mvua za huko Paramaribo zimepungua? Sisi tu wazima. Mama amepona kikohozi na amerudi kufoka jikoni kama kawaida yake.

Unazikumbuka kanda za baba, zile za kundi lake la muziki wa keroncong? Kabla hajafariki alizihamishia zote kwenye kompyuta. Nyimbo mia sita na ushei, hazina majina, ni namba tupu. Kaka Bagas alitaka kuzifuta ili aiuze kompyuta. "Nani atasikiliza namba?" Nikamwambia asiiguse.

Mwalimu mwenzangu alinionyesha programu ya bure ya kucheza na kupanga muziki. Haidai malipo wala haiulizi mimi ni nani. Ukiandika jina la wimbo, mwimbaji na mwaka, inauweka mahali pake. Tangu Januari, kila nikitoka shule, nasikiliza na kuandika.

Namba 214 ilinisimamisha. Msichana anaimba, sauti nyembamba lakini haitetereki. Ulipoisha nikamsikia baba akicheka: "Sulas, rudia ubeti wa pili. Umeukimbiza kama mwizi wa kuku!"

Shangazi, miaka yote tuliambiwa hukuwahi kuimba!

Nikaandika jina lako. Baba Mkubwa Darmadi alipoliona akawaka. "Lifute! Babu yako alimkataza kuimba."

"Babu alikataza, baba akarekodi," nikamjibu.

Mama akadakia toka jikoni: "Usifute, Wulan! Siku hiyo mimi ndiye niliyelinda mlango."

Sikufuta. Jumapili, kwenye kisomo cha siku elfu tangu baba afariki, niliufungulia wimbo huo mbele ya majirani wote. Baba Mkubwa akatoka nje. Lakini alisimama dirishani, ametupa mgongo, hadi ulipoisha, ndipo akavaa kandambili zake akaenda.

Nimepata kumi na moja zako. Nimezitia kwenye flashi pamoja na nyingine mia mbili ambazo sijawajua waimbaji wake; atakuletea Mama Hartini, anayekuja kumwona bintiye huko. Zisikilize, unitajie kila sauti unayoitambua. Sitamwacha hata mmoja bila jina.

Msalimie Mjomba Kasmin na dada Ngatini. Mama anakusalimu, hata Kaka Bagas. Mungu akulinde, wewe na hiyo sauti yako.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Wulandari