Mukombero wa Nekesa

Mowlem, Jumapili, Agosti 1996

Mwembamba kama njiti ya kiberiti! Huo nao ni mzizi wa mukombero wa kutafuna? Hasira haijaniisha tangu mchana.

Muuzaji alikuwa nje ya kanisa, nami nikanunua kwa pupa kabla ya kutazama vizuri. Kukhu, bibi yangu, asingekubali mizizi ile iingie kwake. Alikuwa akinipeleka msituni Kakamega, giza la miti mchana kweupe, tunaufuata mmea unavyotambaa mpaka tunafika shinani. Anachimba upande mmoja tu, anakata mzizi ulionenepa, halafu anarudisha udongo na kuushindilia kwa kisigino.

"Uliobaki ni wa mtoto wako," ananiambia. Mimi hata meno ya utotoni sijamaliza kung'oka.

Nilimuuliza yule muuzaji mbona anang'oa mizizi michanga hivyo.

"Mama, nikiuacha unenepe, mwenzangu ataung'oa. Na mmea wenyewe utapanda juu ya mti gani? Miti yote imekuwa makaa."

Jioni nimewasha jiko la makaa kama kawaida, nikapika ugali. Sasa nifanye nini?

Baada ya kula nilimpa Nekesa, binti yangu, kipande atafune. Akakunja uso.

"Mathe, hii ni mti tu."

Nikamwambia anywe maji juu yake, atasikia utamu, maana ndivyo Kukhu alivyonionyesha. Akanywa, akaniangalia.

"Ni maji tu."

Nikatafuna changu, nikanywa na mimi: maji tu. Nikamwambia yangu ni matamu.