Programu Iliyomjibu Baba

Dada yangu mpendwa,

Sayari nzima hakuna fundi wa programu anayenifikia, na shule niliachia kidato cha pili! Bosi wangu ana digrii mbili, na bado huniita nikamwonyeshe alipokosea. Wanasayansi wakikwama na roketi zao, waambie nipo.

Tangu mazishi unaniuliza kwa nini sikuja Baba alipozidiwa, kisha unajijibu mwenyewe kwamba labda mtandao ulisumbua. Haukusumbua, dada. Unamjua Baba: kila asubuhi ujumbe mrefu, mara wabunge wote wezi, mara mwezini hakuna aliyefika. Nikachoka. Nikatengeneza kijiprogramu kimjibu badala yangu: "Umesema kweli, Mzee!" Wewe mwenyewe uliniambia alivyotamba kwa majirani, "Siku hizi mwanangu ananisikiliza." Nilicheka mpaka machozi.

Jana ndipo nilipofungua ujumbe wake wote, nikausoma mmoja mmoja. Ule wa mwisho unasema, "Mwanangu, kifua kinanibana. Niko peke yangu. Njoo."

Chini yake kuna jibu langu: "Umesema kweli, Mzee!"

Ni mimi,
mdogo wako.