Fainali ya Mwaka wa Thelathini na Saba

Tabora,
14 Agosti 1955

Dada yangu mpenzi Apolinaria,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo dada. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Nzega, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa kupalilia pamba limepata nafuu. Sisi hapa hatujambo. Josepha kikohozi kimemwacha, amerudi sokoni na maandazi yake. Kasimiri wetu amepanda darasa la sita kwa mapadri. Mvua zilikuwa haba lakini tumevuna magunia manne ya mahindi, kwa hiyo ya tumboni hatuna la kulalamika.

Nakuomba, dada, uisome barua hii wewe mwenyewe, polepole, ukiwa umekaa. Usimpe Tekla akusomee, ingawa najua macho yako siku hizi yanachoka. Ina habari ambazo ilinipasa nikuletee kwa miguu yangu. Mara mbili nimekwenda yanaposimama malori ya Nzega, na mara mbili nimerudi nyumbani.

Nianze na mambo ya kazini, maana humo ndimo yalimotoka yote. Mwaka huu Kombe la Magharibi la gofu limetimiza miaka ishirini na mitano tangu Wazungu waanze kulishindania. Katibu mpya wa kilabu, kijana anayekijua Kiswahili vizuri, alitaka kuandika kitabu kidogo cha historia yake. Karatasi za zamani zimeliwa na mchwa, na mabwana wa zamani wamekwenda kwao au wamekufa, basi akaniita mimi mnyapara wa uwanja. Alinikalisha barazani alasiri tatu, daftari magotini, akaniambia nimweleze mwaka hata mwaka.

Nilimweleza, dada, na mwanzoni niliona raha. Nilimwambia jinsi mwaka wa thelathini walivyokuwa wachezaji tisa tu, na uwanja wenyewe visiki vitupu, na njia ya zamani ya misafara ikikata katikati, hata bwana aliyetaka kupiga mpira kwenye shimo la nne ilimbidi angoje watu wenye mizigo wapite. Babu yetu alipita hapo hapo na pembe begani akienda Bagamoyo. Nilimweleza tulivyochanganya mchanga na oili chafu ya reli ili mpira uteleze vizuri kuzunguka shimo. Nilimweleza mwaka wa nzige, walipokula majani yote na bendera za kitambaa wakazitafuna, na mwaka ambao simba jike alilala karibu na shimo la saba na fainali ikangoja mpaka alipoondoka mwenyewe. Wachezaji walikuja kwa treni kutoka Kigoma, Mwanza na Dodoma, na mji mzima ulijua kuwa ni Julai. Kisha vita, miaka sita bila mashindano, tukapanda karanga pale walipokuwa wakicheza. Kisha arobaini na sita, yakaanza upya. Katibu aliandika na kucheka. Halafu akarudisha kurasa nyuma, akaniuliza mbona mwaka wa thelathini na saba nimeuruka.

Wewe mwaka huo unaujua kwa jinsi nilivyokusimulia mimi. Unajua kwamba mumeo Nikolaus Bundala alikuwa mbeba fimbo wa yule mnunuzi wa nta na ngozi tuliyemwita Bwana Nta, nami nilimbebea daktari wa Kigoma. Ni shemeji Bundala aliyenitafutia kazi ile, akanifundisha kuusoma mteremko wa mchanga na kunyamaza bwana anapopiga. Unajua kwamba katika shimo la mwisho, wakiwa sawasawa, mpira wa Bwana Nta uliingia porini, na ulipoonekana ulikuwa mahali peupe, na nyuma yake mchanga umekwaruzwa. Daktari akauliza. Bwana Nta akasema ni mbeba fimbo wake aliyeusukuma kwa mguu. Bundala akakana, akaapa kwa kichwa cha Tekla, ambaye alikuwa na mwaka mmoja. Kesho yake kamati ikaniita, kwa kuwa nilikuwa karibu, nami nikasema nilimwona Bundala akiusukuma.

Akafukuzwa, na ikaandikwa kwenye barua yake ya kazi kwamba ni mdanganyifu. Hakuna Mzungu wa Tabora aliyempa kazi baada ya hapo. Alipokuja kukuambia kwamba anakwenda Kimamba kwenye mashamba ya mkonge, na kwamba anataka mwende wote, wewe ulinifuata mimi kwanza. Nakumbuka ulivyosimama mlangoni, Tekla mgongoni. Ulisema, "Nitazame usoni, Raymundi. Ulimwona kwa macho yako?"

Nikakujibu, "Nilimwona, dada."

Ukarudi ukamwambia kwamba huwezi kuongozana na mtu anayeapa uongo kwa kichwa cha mtoto wake. Akaondoka peke yake. Ukamchukua Tekla ukaenda zako Nzega kwa baba mdogo, na miaka kumi na minane hukumtaja tena mbele yangu.

Sasa, dada, jikaze.

Mwezi wa Juni alikuja kwangu mtu anayeitwa Lugembe, mzaliwa wa Sikonge, aliyekuwa akikata mkonge Kimamba. Alikuwa akiulizia ndugu wa Nikolaus Bundala. Aliniambia kwamba Bundala aliugua kifua tangu Krismasi, akalazwa hospitali wakati wa masika, na tarehe tatu Mei akafariki. Alipata padri, akapakwa mafuta. Wenzake wa kambini walimzika vizuri, na Lugembe alikuwa mmoja wa waliochimba. Nilimwuliza kama ameacha mke. Lugembe akasema hapana, hakuoa kamwe. Kila walipomtania juu ya jambo hilo aliwajibu kwamba alikuwa na mke Unyamwezi, akaolewa na mwingine, na kwamba yule mwanamke hana kosa.

Najua unapofika hapa utasema kwamba hukuolewa na mtu yeyote. Utauliza nani alimwambia hivyo.

Nilimwambia mimi.

Acha niseme kwa utaratibu, maana nikikurupuka sitamaliza. Siku ile ya fainali Bundala hakuugusa mpira. Alikuwa upande wa pili wa kichuguu akiutafuta. Mimi nilikuwa nyuma ya mninga, na nilimwona Bwana Nta akitazama kulia na kushoto, kisha akausukuma mpira kwa ncha ya kiatu kutoka kwenye mizizi. Jioni yake alinikuta bandani nikifuta fimbo. Hakunitisha wala hakunipa kitu. Alisema tu kwamba Mabruki mnyapara amezeeka, kwamba kamati itachagua mtu kati yangu na Bundala, na kwamba mtu mwenye macho mazuri hawezi kusahauliwa. Nilimwelewa. Ningeweza kukuambia kwamba nilimwogopa, na ni kweli nilimwogopa, lakini hiyo siyo sababu nzima. Bundala alikuwa akiijua kazi kuliko mimi, na kila mtu alisema mnyapara ni yeye. Nilikuwa nakula kwenu, nalala kwenu, na moyoni nilimwonea wivu mumeo. Kombe alipewa daktari. Mwaka uliofuata Bwana Nta alishinda, jina lake likaandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao, na mimi ndiye niliyeushikilia ubao ulipopigiliwa misumari.

Hilo ni la kwanza. La pili ni baya zaidi, na ndilo lililonirudisha kila nilipoyaendea malori.

Bundala alirudi, dada. Ilikuwa Julai ya arobaini na sita, siku ya fainali. Alikuwa ametoka jeshini, amepigana Burma, amevaa koti la kaki na amekonda. Alisimama pale njia ya misafara inapokata uwanja mpaka mchezo ulipokwisha, ndipo akaja kwangu. Hakunitukana. Aliniuliza nani alichukua kombe miaka ile aliyokuwa hayupo, na nilipomwambia alicheka kidogo. Kisha akasema, "Sikuja kwa ajili yako. Apolinaria yuko wapi? Nataka nikamwambie mara moja tu, uso kwa uso. Akinikataa tena, nitakwenda."

Nikaona jinsi mambo yatakavyokuwa. Ungemtazama usoni naye angekutazama, na ungejua. Ungekuja kwangu. Nilikuwa mnyapara, nina nyumba ya bati, nina watoto watatu, na wewe ulikuwa ukinitumia karanga na kuniita mdogo wangu mwaminifu. Basi nikamwambia kwamba umeolewa Nzega na fundi seremala, una watoto wawili wengine, na Tekla anamwita yule mtu baba. Nilisema hayo bila kusita, kama mtu anayesoma kitabu.

 Alikuwa na kifurushi cha kitambaa cheupe chenye maua madogo, alikinunua Mombasa aliposhuka melini. Akanipa, akasema Tekla ashonewe gauni, lakini nisiseme limetoka wapi, lisije likavuruga nyumba ya watu. Alipanda treni ya kwenda pwani jioni ile ile. Tekla hakukipata kitambaa kile. Nilimwambia Josepha nimepewa na bwana mmoja, akamshonea binti yetu gauni la komunio ya kwanza. Wewe ulikuja kwenye sherehe, ukalishika pindo, ukasema ni zuri sana. Nilitoka nje nikajisingizia nakwenda kutafuta kuni.

Mara ngapi tangu siku ile nimekuona umekaa kanisani peke yako? Mara mbili walikuja watu wa maana kukuposa, nawe ukasema mume wako yu hai na ndoa ni moja. Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo, nanyamaza, nakula ubwabwa wako.

Nilimweleza katibu yote ya thelathini na saba, alasiri ya tatu. Kwanza aliandika, halafu akaacha kuandika. Alifunga daftari akasema kwamba Bwana Nta amekwisha kufa huko kwao na ana watoto, na kwamba kitabu ni cha kufurahisha wanachama. Akasema, "Tuandike tu kwamba mwaka ule ulikuwa na upepo mwingi." Kwa hiyo ndivyo itakavyosomwa. Siku iliyofuata nilirudisha funguo za banda. Hakunizuia sana. Josepha naye nimemwambia, na siku ya tatu leo ananipakulia chakula bila kusema nami.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Nikiuomba, nitakuwa nakutwika mzigo mwingine, na mizigo niliyokutwika yatosha. Nilipofiwa na mama nilikuwa na miaka sita, na ni wewe uliyenibeba. Nalijua jambo hilo kila siku.

Ndani ya bahasha utaona tiketi mbili za treni, yako na ya Tekla, kutoka Tabora mpaka Kimamba, za Jumamosi ya wiki ijayo. Lugembe anarudi kazini siku hiyo na amekubali kuwapeleka mpaka kaburini. Nimechonga msalaba wa mninga na nimempa yeye auchukue. Hauna maandishi. Maneno ya kuandikwa hapo utayasema wewe, na Lugembe anamjua mtu wa kambini mwenye mwandiko mzuri. Mimi sitapanda. Nitakuwa stesheni tangu asubuhi, upande wa mizigo. Ukitaka kuniona, mwambie Lugembe aniite. Usipotaka, pandeni tu, nami nitabaki huko huko mpaka treni iondoke.

Josepha anakutumia salamu zake mwenyewe, tofauti na zangu. Msalimie baba mdogo. Tekla mwambie kwamba baba yake aliapa kweli.

Mungu akutunze kuliko nilivyokutunza mimi.

Ni mimi uliyenilea,
Raymundi